Amani Chini ya Mzabibu: Namna Biblia Inavyoipima Amani

Katika sura ya 9 ya Kitabu cha Pili cha Wafalme kuna swali moja linaloulizwa tena na tena, hadi msomaji anaanza kuhisi kwamba mwandishi analirudia kwa makusudi. Mfalme Yoramu wa Israeli yuko Yezreeli akiuguza majeraha aliyoyapata alipopigana na Washami, na mlinzi aliye juu ya mnara anaona kundi la watu likija mbio. Anatumwa mpanda farasi kwenda kuuliza, "Ni amani?" Anafika, lakini harudi. Anatumwa wa pili na swali lile lile, naye harudi. Mwishowe mfalme mwenyewe anapanda gari lake, anamkuta jemadari wake Yehu, na kumwuliza, "Ni amani, Yehu?" Naye Yehu anajibu swali kwa swali: "Amani gani?" Anataja maovu ya Yezebeli, mama yake mfalme, kisha anavuta upinde.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka ni mahali walipokutania. Mwandishi anasema walikutana katika kiwanja cha Nabothi Myezreeli, na anayekumbuka sura ya 21 ya kitabu kilichotangulia hawezi kulisikia jina hilo bila kushtuka. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu jirani na jumba la mfalme Ahabu, baba yake Yoramu. Ahabu alilitaka alifanye bustani ya mboga, akaahidi kumpa shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha akipenda. Nabothi akakataa, kwa sababu ardhi ile ilikuwa urithi wa baba zake, na kwa sheria ya Israeli urithi wa namna hiyo haukuwa bidhaa ya kuuzwa moja kwa moja. Yezebeli akaandika barua kwa jina la mumewe na kuzitia muhuri wake, wazee wa mji wakatangaza mfungo, mashahidi wawili wa uongo wakasimama, na Nabothi akapigwa mawe hadi kufa kwa hukumu ambayo kwa nje ilifuata taratibu zote. Hakuna upanga uliochomolewa siku ile. Mji ulikuwa tulivu, muhuri ulikuwa halali, wazee walikuwa wameketi mahali pao, kisha mfalme akateremka kulimiliki shamba.

Kwa hiyo Yoramu anapouliza habari za amani, anauliza akiwa amesimama juu ya ardhi iliyoporwa na baba yake, na mwandishi ameipanga simulizi hiyo ili eneo lenyewe litoe jibu kabla Yehu hajafungua kinywa. Hapo ndipo penye ufunguo wa namna Biblia inavyoifikiria amani. Tumezoea kuipima kwa ukimya: bunduki zimenyamaza, barabara hazina fujo, watu wamelala usiku. Waandishi wa Biblia, hasa manabii, huipima kwa kuuliza ardhi ni ya nani, nani amevuna kilichopandwa na nani, na nani bado anaogopa. Ndiyo maana katika kurasa zao amani inashindaniwa. Wapo wanaoitangaza na wapo wanaokana kwamba ipo, na pande zote mbili husema kwa jina la Mungu yule yule.

Picha ambayo mashindano hayo huizunguka ni ya mtu aliyeketi chini ya mzabibu wake na mtini wake. Haikuchaguliwa kwa uzuri wake peke yake. Mzabibu na mtini ni mimea ya mtu anayetarajia kubaki, kama vile kwetu Pwani mtu hapandi mnazi mahali anapojua kwamba atafukuzwa kesho. Kitabu cha Walawi kinakataza kula matunda ya mti mpya hadi mwaka wa 5 tangu upandwe. Kumbukumbu la Torati linamruhusu mtu aliyepanda shamba la mizabibu, ambaye bado hajala matunda yake, arudi nyumbani asiende vitani, na linalikataza jeshi linalouzingira mji kuikata miti ya matunda. Kuketi chini ya mti ulioupanda mwenyewe, na ukala matunda yake, kunamaanisha kwamba kwa miaka kadhaa mfululizo hakuja adui, hakuja mtoza kodi mwenye kunyang'anya, na hakuja mwana wa mfalme mwenye barua iliyotiwa muhuri. Ni kipimo kinachoweza kukaguliwa kwa macho.

Mara ya kwanza picha hiyo inatajwa kwa sifa. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinasema kwamba Yuda na Israeli walikaa salama, "kila mtu chini ya mzabibu wake, na chini ya mtini wake, tangu Dani mpaka Beer-sheba, siku zote za Sulemani." Sulemani ndiye ambaye Mambo ya Nyakati humtaja kuwa mtu wa amani hata kwa jina lake. Lakini mwandishi wa Wafalme hamwachi msomaji apumzike. Sura moja tu baadaye anaeleza kwamba mfalme huyo alitoza shokoa, yaani kazi ya lazima, watu 30,000, akawapeleka Lebanoni kwa zamu za watu 10,000, mwezi mmoja kazini na miezi miwili nyumbani. Ukipiga hesabu, mtu aliyeingia kwenye zamu hizo alikuwa mbali na mzabibu wake theluthi ya mwaka, akikata mierezi kwa ajili ya hekalu lililojengwa kwa miaka 7 na jumba la mfalme lililojengwa kwa miaka 13. Sulemani alipokufa, jambo la kwanza ambalo makabila ya kaskazini walimwambia mwanawe lilikuwa kwamba baba yake alilifanya kongwa lao kuwa zito. Mfalme mpya alipowatumia Adoramu, msimamizi wa shokoa, walimpiga mawe akafa, na ufalme ukagawanyika. Mwandishi yule yule ametupa sentensi ya sifa na takwimu za shokoa, na kwa maoni yangu hakusahau alichoandika mwanzo. Alitaka tuvisome vyote viwili kwa pamoja.

Katika mwaka 701 KK picha ile ile ikatokea kinywani mwa adui. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alikuwa ameivamia Yuda. Kumbukumbu zake mwenyewe zinajigamba kwamba aliteka miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, ndani ya Yerusalemu kama ndege katika tundu. Amiri wake akasimama nje ya ukuta wa Yerusalemu kuzungumza na wajumbe wa Hezekia. Wajumbe wakamwomba aseme Kiaramu, lugha ya wanadiplomasia wa wakati huo, ili watu walioketi ukutani wasielewe. Yeye akapaza sauti zaidi, kwa lugha ya Wayahudi, akawaambia watu wa kawaida kwamba wakisalimu amri kila mmoja atakula matunda ya mzabibu wake na mtini wake na kunywa maji ya kisima chake, mpaka yeye atakapokuja kuwachukua na kuwapeleka katika nchi iliyo kama nchi yao.

Ni hotuba ya ustadi mkubwa. Anaitoa ahadi ya amani kwa maneno matamu kabisa ya utamaduni wa wasikilizaji wake, na ndani ya sentensi hiyo hiyo anaitia sumu kwa neno "mpaka". Uhamisho anauita safari ya kwenda mahali pazuri. Katika jumba la Senakeribu kule Ninawi kulikuwa na kuta zilizochongwa picha za kutekwa kwa Lakishi, mji wa Yuda wenye ngome, na leo mawe hayo yamo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Yanawaonyesha watu wa Lakishi wakitolewa mjini na mizigo yao, wanawake na watoto wakiwa juu ya magari ya kukokotwa na ng'ombe, na katika vilima vilivyo nyuma yao mchongaji ameweka mizabibu na mitini. Miti imebaki, wenyewe wanaondoka.

Nabii Mika alitoka Moreshethi, kijiji kilicho katika ukanda ule ule wa Lakishi, na ni katika kitabu chake picha ya mzabibu inarudishwa kwa wanyonge. Mika hakuwa na adui wa kigeni peke yake. Aliwashutumu matajiri wa nchi yake wanaotamani mashamba na kuyapokonya, na aliwashutumu manabii wenzake kwa ukali ambao hata leo ungemfukuzisha mtu madhabahuni: anasema wanalia "Amani" wakiwa na kitu cha kutafuna, na asiyetia kitu vinywani mwao humwandalia vita. Kisha katika sura ya 4, baada ya panga kufuliwa kuwa majembe na mikuki kuwa miundu, anaongeza kwamba watu "wataketi kila mtu chini ya mzabibu wake, na chini ya mtini wake, wala hapana mtu atakayewatia hofu." Isaya 2 ina unabii ule ule wa panga na majembe, lakini haina mstari huu wa mzabibu. Maneno ya mwisho juu ya hofu hayamo katika sifa za Sulemani wala katika hotuba ya amiri wa Ashuru, na hayangeweza kuwamo, maana chini ya wote wawili hofu ndiyo iliyolifanya shamba liwe tulivu.

Mtu akiishia hapo anaweza kudhani kwamba Biblia inampa haki kila anayesema "Amani gani?" na kuchukua upinde. Sivyo. Yehu hakuishia kwa Yoramu. Aliamuru vichwa vya wana 70 wa Ahabu vipangwe marundo mawili langoni pa Yezreeli, akaua hadi wageni na marafiki wa jamaa hiyo. Kitabu cha Wafalme kinampongeza kwa kuiangamiza nyumba ya Ahabu, lakini karibu miaka 100 baadaye nabii Hosea anaamriwa ampe mwanawe jina Yezreeli, kwa kuwa Mungu ataipatiliza nyumba ya Yehu kwa ajili ya damu iliyomwagwa huko. Maandiko hayo mawili yameachwa ndani ya Biblia moja bila mtu kuyapatanisha. Nje ya Biblia tunaye Yehu mwingine pia: mnara wa jiwe jeusi wa Shalmanesa wa Tatu, uliofukuliwa Nimrud mwaka 1846, unamwonyesha yeye au mjumbe wake akisujudu mbele ya mfalme wa Ashuru na kutoa fedha na dhahabu kama kodi. Aliyeuliza amani gani aliishia kuinunua.

Yeremia ndiye aliyelipeleka suala hili mbali zaidi, na aliishi katika wakati mgumu zaidi. Lawama yake inajulikana sana, kwamba manabii na makuhani wameiponya jeraha ya watu "kwa juu-juu tu, wakisema, Amani, Amani, wala hapana amani." Ni mganga anayefunga kitambaa juu ya kidonda kinachooza. Lakini kisa kinachoonyesha kwa karibu alichomaanisha kimo katika sura ya 34, sura ambayo katika nchi zetu husomwa mara chache mno, hata katika misimu ya uchaguzi ambapo mahubiri juu ya kudumisha amani huwa mengi. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Mfalme Sedekia na wakuu wanafanya agano la kuwaacha huru watumwa wao Waebrania, jambo ambalo sheria ilitaka lifanyike kila mwaka wa 7 na ambalo halikuwa likifanyika. Watumwa wakaachiliwa. Kisha jeshi la Farao likatoka Misri, Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, wakauacha mji kwa muda, watu wakapumua, na mabwana wakawarudisha watumwa wale wale utumwani. Kwa hesabu ya wakuu, siku ile amani ilikuwa imerudi. Kwa Yeremia, siku ile ndiyo iliyohitimisha kwamba mji utaanguka, na mwaka 587 KK, au 586 kwa hesabu nyingine, ukaanguka.

Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amekabiliana hadharani, ndani ya hekalu, na nabii Hanania wa Gibeoni, aliyetangaza kwamba kongwa la Babeli litavunjwa ndani ya miaka 2 na vyombo vya hekalu vitarudi. Yeremia alikuwa amevaa kongwa la mti shingoni. Jibu lake la kwanza linashangaza: "Amina." Alitamani Hanania awe mkweli. Kisha akaweka kanuni kwamba nabii atabiriye amani atajulikana kuwa ametumwa na Mungu neno lake litakapotimia. Anayetangaza vita na njaa hahitaji kusubiriwa kwa namna hiyo, kwani hana anachowauzia wasikilizaji. Mzigo wa ushahidi umewekwa juu ya mwenye habari njema. Hanania akamvua kongwa akalivunja, watu wakiangalia, na Yeremia akaenda zake kimya.

Yeremia huyo huyo, aliyeitwa msaliti kwa kukataa kutabiri amani Yerusalemu, ndiye aliyeandika barua kwa watu waliohamishwa Babeli mwaka 597 KK akiwaagiza waitafute amani huko. Wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoze watoto wao. "Kautakieni amani mji ule," anaandika, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Mji unaozungumziwa ni wa jeshi lililowavunjia nyumba zao. Hapa ndipo wanaofikiri kwamba amani ya kibiblia ni ushindi wa upande wetu wanakwama kabisa. Barua haisemi Babeli ni wema, na kitabu kile kile kina sura nzima nzima za hukumu dhidi yake. Inasema tu kwamba ustawi wa jirani, hata aliyekuwa adui, umeshikamana na wako kiasi kwamba huwezi kuuombea mmoja bila mwingine.

Kuna upande mwingine wa fikra hii ambao hauonekani kwa anayesoma tafsiri peke yake, nao unahitaji kutajwa. Neno la Kiebrania kwa amani, *shalom*, limetoka katika shina lile lile la kitenzi ambacho sheria za Kutoka hukitumia kwa kulipa fidia. Mtu akichimba shimo bila kulifunika, na ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza atalipa kondoo wanne kwa mmoja. Undugu wa maneno hauthibitishi kitu peke yake, lakini katika suala hili mwenendo wa sheria unaafikiana nao: ugomvi haujaisha mpaka pengo lizibwe. Ndiyo maana Isaya 32 inaiita amani "kazi ya haki", yaani zao lake, si mbadala wake.

Injili ya Luka imeishika hoja hiyo kwa namna ambayo naiona kuwa ya makusudi. Katika sura ya 19 Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, anasimama na kusema kwamba atawapa maskini nusu ya mali yake, na kama amemdhulumu mtu atamrudishia mara 4, kiwango kile kile cha mwizi wa kondoo. Hapo ndipo Yesu anasema wokovu umefika nyumbani humo. Katika sura hiyo hiyo Yesu anakaribia Yerusalemu, anaulilia mji na kusema laiti ungalijua yapasayo amani. Msomaji ametoka kuyaona yapasayo amani yakitendeka nyumbani kwa mtoza ushuru, huku mji mtakatifu ukiwa haujui. Luka pia ndiye anayeiweka habari ya malaika na amani duniani chini ya kivuli cha orodha ya kodi ya Kaisari Augusto, mtawala aliyejengewa na baraza la Rumi madhabahu ya Amani, iliyowekwa wakfu mwaka 9 KK. Tangazo la malaika linatolewa katika himaya ambayo tayari ilikuwa na amani rasmi, yenye jiwe na sherehe.

Amani ya moyoni, ambayo mahubiri na nyimbo zetu huipenda sana, imo pia. Paulo anawaandikia Wafilipi juu ya amani ya Mungu ipitayo akili zote, naye anaandika akiwa kifungoni. Lakini katika Agano Jipya utulivu huo wa ndani hausimami peke yake, na Yakobo anaukejeli ukigeuka maneno matupu: kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa "Enendeni zenu kwa amani" bila kumpa kitu kunafaa nini?

Waraka kwa Waefeso ndio unaolikusanya suala zima katika sentensi moja, unaposema kwamba Kristo "ndiye amani yetu", aliyewafanya wawili, yaani Wayahudi na wasio Wayahudi, kuwa mmoja na kukibomoa kiambaza cha kati kilichowatenga. Wafasiri wengi huunganisha kiambaza hicho na uzio wa mawe uliokuwa katika hekalu la Herode, uliomzuia mtu asiye Myahudi asiingie nyua za ndani. Maandishi yake ya onyo tunayo: jiwe zima lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871 na sasa limo katika makumbusho ya Istanbul, likisema kwa Kigiriki kwamba mgeni atakayekamatwa ndani atajilaumu mwenyewe kwa kifo kitakachomfuata. Kwa mujibu wa Matendo ya Mitume sura ya 21, Paulo alikamatwa hekaluni na umati ukataka kumwua kwa sababu walimwona mjini pamoja na Trofimo, wakadhani amemwingiza ndani ya mpaka huo. Trofimo alikuwa Mwefeso.

Wapo wataalamu wanaosema waraka huo uliandikwa na mwanafunzi wa Paulo na si yeye mwenyewe, lakini hata hivyo sauti inayosemwa ndani yake ni ya mtu ambaye kifungo chake kilianzia kwenye uzio ule. Kwa sauti hiyo wasomaji wa Efeso wanaambiwa kwamba wao si wageni tena wala wapitaji, ila ni wenyeji. Na katika sura ya 6, baada ya kuwaambia wajifungie miguuni utayari wa Injili ya amani, mwandishi anajiita mjumbe katika minyororo, na kuwaomba wamwombee apewe ujasiri wa kuendelea kusema.